Vazi Moja kwa Wimbo wa Mlima Fuji

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, mnisikilize mpaka mwisho, maana nikifika huko mimi nitanyamaza na ninyi ndio mtakaosema.

Huko Japani kuna mlima uitwao Fuji. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni kawa kubwa jeupe, limefunikwa juu ya chakula cha dunia nzima. Watu wanaoishi chini yake hawautoi mdomoni. Wachuma chai wanauimba, mama wanaobembeleza watoto wanauimba, wafumaji wa hariri wanauimba huku miguu yao ikikanyaga mitambo. Nyimbo hizo husifu theluji yake, mawingu yake, na rangi unayoipata alfajiri. Lakini zamani, miaka michache tu tangu wanawake waruhusiwe kuupanda mlima ule mpaka kileleni, katika kijiji cha Mizuhara palikuwa na wimbo mmoja usiosifu kitu. Ulikuwa wimbo wa kushukia. Watu watatu ndio walioufanya ukawa wimbo, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Kyuzo, mpagazi. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Kwa miaka thelathini alibeba mizigo ya wapandaji mgongoni, na hapakuwa na jiwe njiani asilolijua kama unavyojua meno yako kwa ulimi. Alikuwa na mdogo wake, Yasaku, mpagazi pia. Siku moja ukungu ulishuka, Yasaku akaona kama kibanda cha chai kiko mbele yake hatua chache tu, akakata njia kukifuata. Katikati palikuwa na korongo. Tangu siku hiyo Mzee Kyuzo alianza kuisema njia kwa sauti kila aliposhuka, akilichonga neno hili na kulitupa lile, miaka nenda miaka rudi, mpaka maneno yakakaa sawa. Ubeti mmoja ulikuwa hivi:

Jiwe lililopasuka, liache kulia kwako,
shika kokoto nyekundu, zipime hatua zako.
Korongo likikuita, ziba masikio yako,
zunguka, ndugu, zunguka, mbele iko njia yako.

Wa pili alikuwa Bi Towa, mpiga shamiseni, ile ala ya nyuzi tatu. Kipaji chake kilikuwa masikio. Alipofuka akiwa na miaka minne, na tangu utoto wake alizunguka kijiji hadi kijiji akipiga katika harusi na mavuno. Jioni moja ya mwanzo wa majira ya baridi alimsikia Mzee Kyuzo akiyasema maneno yake kando ya moto, katika nyumba ya wageni.

"Mzee, maneno yako mazuri," alimwambia, "lakini hayana miguu. Wewe ukifa, yatafika wapi?"

"Hayafiki popote," Mzee Kyuzo akajibu. "Nimewafundisha vijana wanane. Wote wameyasahau."

"Basi theluji ikiyeyuka, nipeleke huko mlimani."

Watu walicheka. Kipofu, mlimani! Lakini theluji ilipoyeyuka Mzee Kyuzo alimfunga kamba kiunoni, akampeleka. Bi Towa aliyagusa mawe yote kwa viganja vyake. Alipiga magoti kwenye kokoto nyekundu akazisikiliza zikiteleza. Alikaa ukingoni mwa lile korongo nusu siku nzima, akisikia upepo unavyopanda kutoka chini. Harusi za msimu ule zote alizikosa, na waliomwalika wakachukua wapigaji wengine. Aliporudi alikuwa na tuni, na tuni yenyewe haikufanana na nyingine. Kila kipande cha ubeti kilikuwa na mwendo wake: penye jiwe sauti ilipanda, penye kokoto ikateleza polepole, na penye korongo ilikatika ghafla, ikarudi nyuma, kisha ikazunguka. Hata mtu asiposikia neno hata moja, angejua ni mahali gani panapoimbwa. Na ilikuwa tuni ya kung'ang'ania kichwani. Aliyeisikia asubuhi alikuja kuifikiria tena usiku.

Wa tatu alikuwa Ritsu, mwenye kibanda cha chai kwenye kituo cha tano, pale miti inapoishia na mawe matupu yanapoanza. Kipaji chake kilikuwa sauti. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kifua kipana, aliyezoea kuwaita wapandaji waje kunywa chai wakiwa bado mbali kiasi cha kuonekana kama sisimizi. Watu walikuwa wakitaniana kwamba Ritsu akipiga chafya kituo cha tano, kule chini Mizuhara kuku wanaruka. Aliimba nyimbo zote za mlima, na wimbo wa Kyuzo na Towa aliuimba pamoja nazo, akiosha vikombe.

Sasa nimtaje ambaye hadithi hii ilimwangukia. Jina lake Bi Masuyo, mjane, mfumaji wa hariri. Alikuwa na binti mmoja tu, Fumi, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa ameposwa na angeolewa baada ya mavuno. Kwa ajili ya siku hiyo Bi Masuyo alifuma kimono moja, lile vazi refu la Kijapani. Aliifuma kwa miaka minne. Pindoni ilikuwa ya buluu nzito kama maji ya ziwa, ikapanda ikawa ya zambarau, na mabegani ikafika kwenye ule wekundu mwepesi ambao mlima Fuji huuvaa jua likichomoza. Alipoimaliza, macho yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano bila msaada. Alijua hataweza kufuma nyingine ya namna ile.

Mwezi wa nane, wanawake kumi na mmoja wa Mizuhara waliamua kuupanda mlima. Mama zao walikatazwa, wao wameruhusiwa, kwa nini wasiende? Fumi alikuwa mmoja wao. Bi Masuyo aliwasindikiza mpaka kituo cha tano, ambapo magoti yake yalikataa, akabaki kwenye kibanda cha Ritsu kuwangoja.

Walifika kileleni salama. Kesho yake, wakiwa wanashuka, ukungu uliwavamia. Haukuja polepole kama ukungu wa bondeni. Ulianguka kama shuka lililotupwa juu yao. Kisha upepo ukafuata. Walishikana mikono, wakateleza, wakapoteana, wakaitana, wakapatana tena. Ilipofika adhuhuri, wanawake kumi waliingia kwenye kibanda cha Ritsu wakitetemeka.

Bi Masuyo aliwatazama mmoja mmoja usoni. Akawatazama tena.

"Fumi yuko wapi?"

Mmoja wao akaanza kulia.

Wanaume wawili waliokuwa kibandani walitoka na kamba, wakarudi baada ya muda mfupi. "Mama, hatuoni hata miguu yetu," mmoja alisema. "Tukiendelea, mtatutafuta na sisi." Wakapiga sufuria kwa chuma, lakini mlio ulitapakaa kwenye miamba na kurudi kutoka kila upande, hata wao wenyewe wasijue umetokea wapi.

Ndipo Ritsu alipofunga mkanda wake vizuri, akatoka nje, akasimama juu ya benchi la wageni, akaimba. Hakuchagua wimbo mzuri. Aliimba ule wa kushukia, ubeti baada ya ubeti, na ulipokwisha akaanza tena.

Bi Masuyo alisimama karibu naye na bakuli la maji ya moto. Alikuwa mwanamke mkimya, asiyezoea kusema mbele za watu, lakini siku hiyo maneno yalimtoka kwa nguvu, wanawake wote kumi wakasikia:

"Yule atakayenirudishia mwanangu, nitamvika kimono yangu kwa mikono yangu hii, na itakuwa yake, ya mtu huyo mmoja, maisha yake yote!"

Saa moja ikapita. Saa mbili. Sauti ya Ritsu ilianza kukwaruza. Bi Masuyo alimwona akishika koo kati ya ubeti na ubeti. Moyoni alitaka kumwambia pumzika, na moyoni humo humo aliogopa mno asije akakubali. Mwishowe aliona aibu.

"Ritsu, mwanangu, inatosha. Kunywa maji kwanza."

Ritsu alitikisa kichwa, akameza funda moja, akaendelea. Saa ya tatu, alipotema mate yalikuwa na damu. Saa ya nne ikaingia, na jua, popote lilipokuwa nyuma ya ule weupe, lilikuwa limeanza kuinama kuelekea magharibi. Sauti ilikuwa imebaki kama mlango unaosaga, lakini bado ilipanda mahali pa kupanda na kukatika mahali pa kukatika.

Hapo ukungu ukatoa mtu. Hakuja kutoka mbele, alikokuwa Ritsu ameelekeza uso. Alikuja kutoka kushoto, akizunguka misonobari mifupi iliyopindishwa na upepo. Alikuwa na kiatu kimoja, magoti yamechubuka, nywele zimemganda usoni.

"Mama," alisema Fumi, "nina njaa."

Bi Masuyo hakukumbuka baadaye alijibu nini. Alikumbuka tu kwamba bakuli lilimwanguka, na kwamba alimshika binti yake masikio, kama anavyoshikwa mtoto mchanga, akaona ya moto, akajua yu hai.

Fumi alipokwisha kula ndipo aliposimulia. Aliteleza, akabiringika, na aliposimama hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Alikaa akilia. Kisha akasikia sauti.

"Maneno sikuyasikia, Mama. Upepo ulikuwa umeyala yote. Lakini tuni niliijua. Bi Towa aliipiga na kuimba maneno yake kwetu ule mwaka alipolala nyumbani kwa sababu ya mvua, unakumbuka? Tulifuma nayo wiki nzima. Nikasikia inapanda, nikajua hapa ni pa jiwe. Maneno yakaja yenyewe kichwani. Nikatambaa nikipapasa mpaka nikalipata jiwe lililopasuka, nikaliacha kulia. Nikapata kokoto nyekundu."

"Halafu?"

"Halafu nikamsikia dada Ritsu karibu kabisa, mbele yangu. Mama, ilikuwa kama ningeweza kunyoosha mkono nimguse! Nilitaka kukimbia. Nilishanyanyua mguu. Lakini tuni ikakatika pale, ikarudi nyuma, nikakumbuka maneno ya Mzee Kyuzo, ziba masikio yako. Nikaziba. Nikaipa mgongo sauti, nikazunguka. Niliogopa kuliko wakati wote ule, maana nilikuwa naiacha. Upepo ulipofungua ukungu kidogo, nikaona nilipotaka kukanyaga. Hapakuwa na ardhi."

Ritsu alikaa pembeni na kitambaa shingoni, akitabasamu, machozi yakimtoka. Alifungua mdomo aseme kitu. Hakikutoka.

Hakikutoka siku hiyo, wala wiki ile, wala mwezi ule. Tabibu wa kijiji alimtazama kooni akasema apumzike, na alipumzika, lakini kilichorudi kilikuwa mnong'ono. Wapandaji walipita kituo cha tano wakishangaa ukimya.

Mavuno yalipokwisha, Bi Masuyo aliwaita wote watatu nyumbani kwake. Alipika tambi nene na maboga, chakula cha nchi ile wakati baridi inapoanza, akawapakulia mpaka wakaomba poo. Mzee Kyuzo alikuja na fimbo. Vidole vyake viwili vilikwisha kuliwa na barafu zamani. Bi Towa alikuwa safarini mbali siku ya ukungu, na habari ilimfikia barabarani. Alitembea siku sita kuja. Ritsu alikuja na gudulia la asali aliyopewa kwa ajili ya koo lake, akaligawa kwa wote.

Vyombo vilipoondolewa, Bi Masuyo alikunjua kimono mbele yao. Bi Towa aliposikia hariri inavyonong'ona alinyoosha mkono, Fumi akamwekea pindo kiganjani.

"Niliapa mbele ya watu," Bi Masuyo alisema. "Sasa nataka kutimiza, na sijui nimvike nani. Semeni wenyewe."

Mzee Kyuzo aliinama. "Mvike Ritsu. Mimi maneno yangu niliyatunga kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, hayakumfaa. Siku ya ukungu nilikuwa hapa chini nimelala, sina habari. Yeye ndiye aliyekuwapo. Alikuwa na kitu kimoja duniani, sauti, akakitoa chote kwa mtoto wa mwenzake. Mimi kumbukumbu yangu ninayo bado. Yeye ana nini?"

Ritsu alitikisa kichwa kwa nguvu. Akamsogelea Fumi, akamnong'oneza, Fumi akawa anawatamkia wengine.

"Anasema, mvike Bi Towa. Anasema yeye alipiga kelele tu, na kelele pekee zingenipeleka korongoni. Sufuria nayo ilipiga kelele. Maneno hayakufika. Kilichofika ni tuni, na tuni ndiyo iliyoyaamsha maneno kichwani mwangu. Anasema..." Fumi alisita. "Anasema sauti alipewa bure tangu kuzaliwa. Bi Towa alipanda mlima asiouona, kwa kamba, kwa ajili ya watu asiowajua."

Bi Towa alikuwa bado ameshika pindo. Akacheka.

"Mimi sitawadanganya. Ninaitaka. Tangu nizaliwe sijavaa kitu ambacho watu wanakitazama wakanyamaza. Mmesikia? Ninaitaka." Akaliachia pindo polepole. "Lakini mvike Mzee Kyuzo. Tuni ni chombo cha kubebea. Ungebeba nini bila yeye? Ilifika mahali ambapo sauti ya Ritsu ilikuwa inamvuta mtoto mbele, tuni yangu ikamkumbusha tu, na ni neno moja la mzee huyu lililomgeuza. Neno hilo alilipata kwa kumpoteza ndugu yake. Ni nani aliyelilipia zaidi?"

Fumi akasema, "Mama, tuikate mara tatu."

"Ukiikata," Mzee Kyuzo akasema upesi, "umekata miaka minne ya mama yako, na hakuna atakayevaa kipande."

"Basi wavae kwa zamu."

Bi Masuyo akatikisa kichwa. "Niliapa kwa mtu mmoja, kwa maisha yake yote. Watu kumi walinisikia. Na siku ile mwanangu nilirudishiwa mzima. Siwezi mimi kutoa ahadi nusu."

Alisimama. Magoti yalimuuma, lakini hakuyajali. Aliwatazama wote watatu wakiwa wamekaa mstari mmoja kwenye mkeka wake. Aliwaza kwamba kabla ya siku ile alijiona mjane asiye na mtu, na kumbe mlimani na barabarani walikuwako watu waliokuwa wakimwandalia binti yake njia ya kurudi, miaka mingi, hata kabla ya kumjua jina. Alitaka awe na kimono tatu. Alitaka awe na mia. Alikuwa nayo moja.

"Asanteni," alisema, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Asante, Mzee Kyuzo. Asante, Bi Towa. Asante, Ritsu, mwanangu."

Akanyanyuka. Akaichukua kimono kwa mikono miwili, akaifungua kwa upana, kama mtu anavyomfungulia mwenzake vazi aingize mikono. Fumi akamshika mgongo asiyumbe. Na Bi Masuyo akanyanyua mguu kwenda kumvika mmoja wao.

Mimi naishia hapa, mguu wa Bi Masuyo ukiwa bado hewani. Alimvika nani sisemi, maana nimesimulia hadithi hii mahali pengi, na kila mahali watu wameniambia jambo tofauti, tena wakagombana vizuri mpaka chai ikapoa. Aliyetunga maneno kutokana na msiba wake, aliyeyapa maneno miguu ya kutembelea, na aliyeyapigia mbiu mpaka sauti ikamwisha: mmoja wao angekosekana, Fumi asingerudi.

Haya, mwenzangu uliyekaa hapo kimya. Kimono iko mikononi mwako, nao watatu wanakungoja. Ungemvika nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini?